Kung'oa wedelia bila kuipanda upya

Shina moja la wedelia lenye urefu wa mita moja lina vifundo kumi au zaidi, na kila kifundo ni mche unaosubiri udongo. Hapo ndipo kazi ya watu wengi inapoharibikia. Wanafyeka, wanakusanya rundo, wanalimwaga mtaroni nyuma ya ukuta, na mvua ya kwanza inakuta bustani mbili badala ya moja. Maelezo haya ni ya mwenye kiwanja, shamba la minazi au nyumba ya wageni huku mwambaoni, aliyechoka na zulia hilo la maua ya njano na anayetaka liondoke lisirudi.

Hakikisha kwanza ni yenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata. Zamani iliitwa Wedelia trilobata, na vitalu vya maua vimebaki na jina hilo la zamani. Ni ya jamii ya alizeti, asili yake Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na sehemu zenye joto za Amerika ya Kusini. Ilisambazwa duniani kama pambo la kufunika ardhi kwa sababu inaota haraka, inachanua mwaka mzima, na haisumbuliwi na jua, chumvi wala maji yaliyotuama. Sifa hizohizo ndizo zilizoiingiza kwenye orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Afrika Kusini nako imo katika mimea vamizi inayodhibitiwa kwa sheria.

Shika shina moja ulitazame. Majani yamekaa mawilimawili, yakitazamana. Yanang'aa kidogo kwa juu, yana urefu wa sentimita 4 hadi 9, kingo zina meno, na mara nyingi kila jani lina ncha tatu: moja kubwa katikati na mbili ndogo ubavuni. Ua hukaa peke yake juu ya kikonyo kirefu. Lina vipande vya njano 8 au 10 hivi kuzunguka kitovu cha njano vilevile, na ncha ya kila kipande imechanika kidogo kama imeng'atwa. Shina likigusa ardhi, kwenye kifundo utaona vinundu vyeupe. Hiyo ni mizizi inayoanza.

Usikimbilie jembe kabla ya kuangalia mimea mingine inayofanana nayo, kwa sababu baadhi ni ya kwetu na ina kazi. Wollastonia biflora ni mmea wa asili wa pwani zetu wenye maua ya njano karibu sawa na haya, ila majani yake ni makubwa zaidi, hayana zile ncha tatu, na mmea wenyewe huinuka na kuparamia vichaka badala ya kulala kama zulia. Launaea sarmentosa, jamaa wa mchunga, hutambaa kwenye mchanga juu kidogo ya mstari wa maji kujaa. Majani yake yamejikusanya chini kama mchicha mdogo na ukilivunja moja linatoa utomvu mweupe. Huo uache, unashika mchanga wa ufukweni. Karanga pambo, yaani Arachis pintoi, ina vijani vinne kwenye kila kikonyo na ua kama la karanga ya kawaida. Tridax, lile gugu la kila uwanja wa mpira, lina vipande vya rangi ya maziwa kuzunguka kitovu cha njano, na shina lenye manyoya.

Kwa nini inarudi

Vuta shina moja taratibu utazame linavyokatika. Halikatiki ovyo. Linakatikia karibu na kifundo chenye mizizi, kipande kirefu kinabaki mkononi mwako na kile kifundo kinabaki ardhini, kikiwa na mizizi yake na vichipukizi viwili, kimoja kila upande palipokuwa na jani. Wewe unaona umeng'oa. Ukweli ni kwamba umepogoa. Kipande cha sentimita 2 au 3 chenye kifundo kimoja, kikipata unyevu, huchipua ndani ya wiki moja hadi mbili.

Mbegu si tatizo kubwa kwenye mmea huu. Sehemu nyingi ulikohamia hutoa mbegu chache zinazoota, na karibu kuenea kwake kote hutokana na vipande: vya mfyekaji, vya lori la udongo, vya taka za bustani, vya maji ya mafuriko. Hiyo ni nafuu. Tofauti na magugu ambayo mbegu zake hulala ardhini miaka, huku kazi yote ni kuhesabu vipande. Pasipobaki kipande, hapabaki wedelia.

Jambo jingine ni kwamba mizizi yake mingi iko juujuu. Kwenye mchanga wa pwani utaikuta katika sentimita 10 hadi 15 za juu, kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba mashimo. Ukichimba sana unazika vipande chini, na huko vinakaa na unyevu vikisubiri.

Wakati wa kuanza

Watu huanza wakati wa masika kwa sababu udongo ni laini na mmea unatoka kirahisi. Ni kweli unatoka kirahisi, na vipande vyake vinashika kirahisi vilevile. Wakati mzuri ni mwisho wa mvua za masika, mwezi wa Juni, pindi kipupwe kinapoingia: udongo bado una unyevu wa kutosha kulegeza mizizi, lakini jua na upepo wa kusi vinakausha haraka chochote kitakachobaki juu. Unapata miezi mitatu hadi minne ya kuwinda machipukizi kabla ya vuli, na mvua za vuli zinakuja wakati uko tayari kupanda mbadala. Ukikosa Juni, anza Januari. Usianze Machi wala Oktoba.

Pima eneo pia. Safisha kiasi unachoweza kukirudia kila wiki mbili, si kiasi unachoweza kukimaliza kwa siku moja ya hasira. Eneo la mita 5 kwa 5 likisafishwa na kufuatiliwa ni faida; robo eka iliyong'olewa mara moja na kuachwa ni hasara, maana sasa vipande vimetapakaa.

Vifaa

Unahitaji jembe uma, reki ya chuma yenye meno ya karibu, kisu kikali au mundu, turubai kubwa, mifuko ya salfeti na glavu. Vaa viatu vilivyofunika mguu, kwani chini ya zulia hilo hukaa tandu, nge na nyoka, na hakuna anayeona anapokanyaga. Kwanja na mashine ya kukatia nyasi viache nyumbani. Mashine ya kamba ndiyo mbaya kuliko zote, inasaga shina kuwa vipande vya kifundo kimoja kimoja na kuvirusha mita kadhaa kila upande.

Salfeti andaa nyingi kuliko unavyodhani. Zulia lenye unene wa sentimita 20 kwenye mita 5 kwa 5 ni mita za ujazo 5 kabla halijakanyagwa.

Kukunja kama mkeka

Ikiwa zulia ni nene, usivute shina mojamoja. Kata na ukunje.

Mwagilia eneo jioni ya kuamkia kazi kama udongo umekauka. Asubuhi tandika turubai pembeni, upande ambao hauna wedelia. Kisha kata zulia kwa mundu katika mistari yenye upana wa mita moja, ukikata mpaka kwenye udongo. Anza ukingoni: ingiza jembe uma kwa mlalo, karibu sambamba na ardhi, sentimita 10 chini ya uso, inua kidogo bila kupindua udongo, kisha mtu wa pili avute ukingo na kuanza kuukunja kuelekea ndani. Mwenye jembe uma anaendelea kulegeza mbele ya mkunjo. Mkunjo ukifikia unene wa kumbatio, kata, ukung'ute juu ya palepale ulipotoka ili udongo ubaki, uweke kwenye turubai. Usiuburute. Kila unapoburuta unaacha nyuma mstari wa vipande, na baada ya wiki tatu utauona mstari huo umechipua, mnyoofu kama uliopandwa kwa kamba.

Mkunjo wa kwanza huwa mbaya. Kuanzia wa tatu mikono inazoea pembe ya jembe, na utasikia mizizi ikikatika kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Ukisikia mashina yakivunjika kwa mlio mkavu, uko juu mno; teremsha meno ya jembe kidogo.

Baada ya kukunja, piga reki mara mbili, kwa njia zinazopishana, mara moja kaskazini–kusini na mara moja mashariki–magharibi. Halafu piga magoti. Ndiyo, magoti. Okota kwa mkono kila kipande cha shina, ukiweka kwenye karai, si pembeni. Hatua hii inachosha na ndiyo inayoamua kama utarudia kazi nzima au la. Watu wawili kwenye mita 5 kwa 5 wapange asubuhi nzima, na karibu nusu ya muda huo iwe ya kuokota.

Mwelekeo wa kazi unategemea ardhi. Kwenye tambarare, anza nje kwenda ndani ili unachokiangusha kiangukie palipo bado pachafu. Kwenye mteremko, anza juu. Kando ya kijito au mtaro, anza upande maji yanakotoka, la sivyo vipande vya juu vitaelea na kupanda upya ulipokwisha kusafisha. Mteremko mkali usiuvue nguo zote kwa siku moja, maana mvua moja itabeba udongo. Ondoa mikanda ya upana wa mita moja hadi mbili inayokatisha mteremko, acha mkanda kati, na funika palipo wazi kwa makumbi ya nazi kwa unene wa sentimita 10. Mikanda iliyobaki iondoe baada ya ile ya kwanza kushika mimea mingine.

Kilichong'olewa kipelekwe wapi

Hapa ndipo wedelia inaposhinda watu wenye bidii. Wedelia iliyong'olewa bado iko hai, na rundo lililokaa kwenye udongo hutia mizizi kutokea chini huku juu likionekana limekauka.

Njia nyepesi ni kuanika. Tandaza kwenye sakafu ya saruji, mabati au turubai, unene usizidi sentimita 15, geuza kila baada ya siku mbili. Kwa jua zuri inachukua wiki mbili hadi tatu. Usiamini majani, yanakauka siku ya tatu. Chukua shina nene kuliko yote, likunje: likipinda bado, likivunjika kama kijiti, tayari. Baada ya hapo unaweza kuchoma au kutumia kama matandazo.

Kama huna pa kuanika, zamisha. Jaza pipa, weka jiwe juu, mimina maji mpaka yafunike, kisha ufunike kwa mfuniko unaobana, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya giza. Baada ya miezi miwili itakuwa imeoza na kutoa harufu ambayo majirani wataitaja. Maji yake yachanganye sehemu moja kwa kumi za maji safi umwagilie migomba. Salfeti nyeusi zilizofungwa na kuachwa juani juu ya saruji nazo hufaa, ila hakikisha hazina tundu.

Lundo la mboji la kawaida halifai, halipati joto la kutosha pembeni. Usiwape mifugo pia. Mmea una asidi ya kaurenoiki, inayohusishwa na kuharibika kwa mimba za mifugo, na wenye mimba wasisogezwe kabisa. Hata pasingekuwa na hilo, kuubeba kwenda zizini ni kuudondosha njia nzima.

Kufunika

Pale ambapo hakuna nguvu ya kukunja, au eneo limejaa mawe ya matumbawe ambayo jembe uma halipiti, funika. Fyeka juu kwa mundu, kusanya vyote, halafu tandika nailoni nyeusi nzito au turubai lisilopitisha mwanga. Vipande vipishane sentimita 30, na kingo zipite mpaka wa mmea kwa nusu mita kila upande. Gandamiza kingo kwa mchanga au mawe, mfululizo, pasiwe na nafasi. Acha wiki 8 hadi 12.

Kinachoharibu ni mambo mawili. La kwanza, matundu: ukucha wa kuku au jiwe lenye ncha linatosha kupitisha mwanga, na utakuta shina limetokeza hapo likichanua. La pili, kingo: mashina yaliyoko chini hukimbilia pembeni kutafuta mwanga, kwa hiyo zunguka kila wiki ukate na kuokota yanayotoka.

Nailoni nyeupe inayopitisha mwanga ni njia nyingine, inaua kwa joto na si kwa giza. Loanisha udongo kwanza, maana udongo mkavu haupitishi joto vizuri, zika kingo pande zote, uache wiki 6 za Januari na Februari. Mahali pawe na jua la siku nzima. Chini ya mwembe nailoni nyeupe ni sawa na kuijengea wedelia kitalu nyumba.

Mapendekezo ya kutandaza maboksi yaliyokunjuliwa utayasikia sana. Kwa nchi za baridi ni sawa. Huku kwetu mchwa huyamaliza kabla ya wedelia kufa.

Dawa, ukiona hakuna namna nyingine

Kwa eneo la nusu eka na zaidi, mikono haitoshi. Kiuagugu kinachotumika zaidi ni glaifoseti. Kinaingia kupitia majani na kushuka mpaka kwenye mizizi. Uliza kwanza kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata, soma lebo, na nunua chenye usajili wa mamlaka ya viuatilifu: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB. Lebo ikitofautiana na haya yanayofuata, fuata lebo.

Kwa glaifoseti ya gramu 360 kwa lita, kiwango cha kupuliza sehemu kwa sehemu ni mililita 20 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 320 kwa bomba la mgongoni la lita 16. Ukipata ya gramu 480, mililita 15 kwa lita zinatosha, na bomba zima ni mililita 240. Kuzidisha hakusaidii: majani yakiungua haraka yanashindwa kuishusha dawa kwenye vifundo.

Maji ndiyo yanayoangusha watu wengi pwani. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye matumbawe ni magumu, yamejaa chokaa, na chokaa inaikamata glaifoseti kabla haijafika kwenye jani. Tumia maji ya mvua. Kama huna, yeyusha kwanza mbolea ya S/A (ammonium sulphate), gramu 20 kwa kila lita, chuja kwa kitambaa isizibe pua ya bomba, ndipo utie dawa. Maji yenye tope nayo hayafai, udongo unaikamata vilevile. Na usichanganyie kwenye ndoo ya bati, inatoa gesi inayoshika moto, tumia plastiki.

Puliza wakati mmea unaota vizuri, si wakati umenyauka kwa kiangazi. Asubuhi umande ukishakauka, bila upepo, na pasitarajiwe mvua kwa saa 6 angalau. Majani yalowane bila kudondosha. Jani la wedelia linateleza, kwa hiyo kama lebo haisemi dawa imeshatiwa kilowanishi, yaani kitu cha kuifanya ishike kwenye jani, ongeza. Njano itaanza kuonekana baada ya siku 7 hadi 14. Usifyeke wala kung'oa kabla ya wiki tatu, utakuwa umekata njia ya dawa ikiwa bado inashuka. Palipochipua rudia baada ya wiki 6.

Glaifoseti haichagui. Mnazi mkubwa haudhuriki ukigusa gome lake kavu, lakini maotea ya migomba, shina la kijani la mpapai na mche wowote mchanga vitakufa. Vikinge kwa kipande cha boksi. Usipulize karibu na bwawa la samaki, kijito au kisima. Vaa glavu, buti, suruali, mikono mirefu na miwani, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Yasiyofaa

Chumvi inajaribiwa sana. Mmea unaoota hatua chache kutoka maji ya bahari hauogopi chumvi unayoweza kuimudu kwa fedha. Kitakachokufa ni udongo wako. Kuchoma ukiwa umesimama huondoa majani tu, vifundo vilivyo chini ya mchanga vinachipua vikiwa na majivu kama mbolea. Kumwaga kifusi juu yake kunaahirisha. Kupitisha trekta ni kupanda.

Kuwinda na kupanda mbadala

Siku ya kumi na nne baada ya kusafisha rudi na karai. Machipukizi ya kwanza ni vijani viwili vya kijani kibichi, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kwa umri huo bado havina ncha tatu, kwa hiyo usiviache ukidhani ni gugu lingine. Chomeka kisu pembeni, inua kipande chote pamoja na mzizi. Rudia kila wiki mbili kwa miezi miwili, kisha kila mwezi mpaka mwaka utimie, kisha baada ya kila msimu wa mvua kwa mwaka wa pili. Mzunguko mmoja wa mita 5 kwa 5 hauchukui hata nusu saa. Ukiruka miezi miwili ya mvua, shina moja litakuwa limetambaa na kutia mizizi sehemu kadhaa, na nusu saa imegeuka kuwa asubuhi nzima tena.

Ardhi isibaki tupu, lakini usipande siku hiyohiyo. Subiri mizunguko miwili ya kuwinda iishe bila kuona kitu, la sivyo utaificha wedelia chini ya mmea mpya. Ukiwa umeanza Juni, unaweza kuwa tayari vuli inapoanza.

Mahali penye jua na watu wanaopita, panda nyasi za Pemba, Stenotaphrum dimidiatum, nyasi ya asili ya mwambao huu inayostahimili chumvi na kivuli kidogo. Chomeka vipande vyenye vifundo viwili au vitatu kwa nafasi ya sentimita 20. Nyuma ya nyumba, panda matembele. Mashina ya sentimita 30, nafasi ya sentimita 30, na ndani ya miezi miwili hivi ardhi imefunikwa na mboga ipo. Anayepalilia anatofautisha bila shida: utomvu mweupe ni tembele, hakuna utomvu ni wedelia. Chini ya minazi na migomba karanga pambo inafaa, inaongeza naitrojeni kwenye udongo na ina maua ya njano kwa anayeyakosa. Nayo ni mgeni kutoka Brazili na inatambaa, kwa hiyo iwekee mpaka na usiisogeze karibu na msitu au mto. Kwenye mchanga wa ufukweni usipande kitu cha kitaluni. Acha ile mimea ya pwani irudi yenyewe, hasa yenye maua ya zambarau na majani ya umbo la kwato ya mbuzi. Itarudi ikipewa nafasi.

Wafuga nyuki watalalamika, na wana haki, nyuki wanaipenda wedelia. Wapunguzie kwa kupanda mirehani kingoni.

Anayeng'ang'ania kuibakiza kwa ajili ya uzuri aiweke kwenye chungu kilichoinuliwa juu ya saruji, akate kila shina kabla halijagusa chini, na vilivyokatwa viingie kwenye pipa la maji, si kwenye taka. Ndani ya kitanda cha bustani hakuna mpaka wa matofali unaoizuia. Inapanda juu na kushuka upande wa pili.

Mwisho angalia mpaka na jirani. Kama zulia lake linaning'inia kwenye ukuta wenu, zungumzeni mapema, ikiwezekana msafishe pamoja mwezi mmoja. Akikataa, acha ukanda wa nusu mita usiopandwa kitu upande wako wa ukuta, uweke changarawe, na upite na mundu kila Jumamosi. Kwenye changarawe nyeupe shina la wedelia linaonekana ukiwa mbali, na halijapata pa kushika.